DUKE NA COUNT: WAKUU WAWILI WA BENDI NA URITHI WALIOUACHA

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, ambaye maisha yake yaweza kuwa funzo kwa vijana waliopo shuleni na burudani kwa sisi tuliokwisha kupita. Nimemjibu kwamba nitaandika habari za watu wawili, kwa sababu kila ninapomfikiria mmoja wao, wa pili huja mwenyewe bila kuitwa. Watu hao ni Edward Kennedy Ellington, aliyejulikana kwa jina la Duke, na William James Basie, aliyejulikana kwa jina la Count. Wote wawili walikuwa Wamarekani Weusi, wote walipiga piano, na kila mmoja aliongoza bendi kubwa ya jazz kwa karibu nusu karne. Ellington alifariki mwaka 1974, na Basie mwaka 1984.

Kwanza niondoe utata wa neno lenyewe. Wengi wetu tumelijua neno jazz kwa majina ya bendi za dansi za wazee wetu: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz na nyinginezo. Bendi hizo zilichukua jina, lakini muziki wao ulichota zaidi katika rumba ya Cuba na ya Kongo. Jazz ninayoizungumzia hapa ni ile iliyozaliwa na watu weusi wa Marekani, hasa katika mji wa New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 20. Bendi kubwa ya muziki huo huwa na watu wapatao 15: safu ya tarumbeta, safu ya tromboni, safu ya saksafoni, na pamoja nao piano, gitaa, besi na dramu.

Wapenzi wa muziki huo wamebishana kwa miaka mingi juu ya nani alikuwa zaidi, Duke au Count, na ubishi wao hauna tofauti na ule wa Simba na Yanga. Mimi sioni faida ya kuwapa wazee hawa namba ya kwanza na ya pili. Linalonivuta ni swali jingine, ambalo kila aliyewahi kukabidhiwa watu wa kuwaongoza analifahamu, awe kiranja wa bweni au mkuu wa idara. Swali lenyewe ni hili: ukiondoka, kitabaki nini?

Utoto wao

Ellington alizaliwa Washington, mji mkuu wa Marekani, tarehe 29 Aprili 1899. Baba yake alikuwa mtumishi wa nyumbani katika nyumba za matajiri. Wazazi wote wawili walijua kupiga piano, na mtoto alivishwa vizuri na kufundishwa adabu za mezani. Hata jina la Duke, ambalo ni cheo cha makabaila wa Ulaya, alipewa na rafiki yake wa utotoni kwa sababu ya unadhifu wake. Alisoma katika shule ya ufundi ya Armstrong na alikuwa hodari wa kuchora, hata akapata nafasi ya kwenda kusomea sanaa huko Brooklyn. Hakwenda. Aliacha shule miezi michache tu kabla ya kumaliza, kwa kuwa alikwisha kunogewa na wapiga piano aliokuwa akiwasikiliza katika ukumbi wa biliadi. (Vijana mliopo shuleni msilichukue hilo kuwa ruhusa.) Alifungua kazi ya kuchora mabango, na mtu akija kuagiza bango la dansi, Ellington humwuliza nani atakayepiga muziki. Akija mtu kutafuta muziki, humwuliza kama amekwisha kupata mchora bango.

Basie alizaliwa Red Bank, mji mdogo wa jimbo la New Jersey, tarehe 21 Agosti 1904. Baba yake alikuwa dereva wa magari ya farasi na mtunza nyumba za watu. Mama yake alifua nguo za wenyewe kwa malipo, na katika fedha hizo alitoa senti 25 kwa kila somo la piano la mwanawe. Basie hakufika mbali shuleni. Alishinda katika jumba la sinema la mjini kwao, akifanya kazi ndogondogo ili aingie bure, na siku nyingine akipiga piano kusindikiza picha zisizo na sauti.

Hapa pana jambo la kuchekesha. Tamaa ya kwanza ya Basie ilikuwa kupiga dramu. Lakini jirani na kwao alikuwapo kijana mwingine, Sonny Greer, ambaye alimzidi mbali sana. Basie akaona heri ashike piano. Greer huyohuyo baadaye akawa mpiga dramu wa Duke Ellington kwa zaidi ya miaka 25.

Duke: kumwandikia kila mtu sauti yake

Ellington alihamia New York mwaka 1923, na tarehe 4 Desemba 1927 bendi yake ilianza kazi katika Cotton Club, klabu maarufu ya Harlem. Wapigaji na wachezaji wa klabu hiyo walikuwa weusi, lakini wateja walioruhusiwa kuingia walikuwa weupe. Ndiyo hali ya siku zile. Hata hivyo, matangazo ya redio kutoka klabuni yalimtangaza nchi nzima. Miaka ya 1930 bendi iliposafiri majimbo ya Kusini, ambako mtu mweusi alinyimwa chumba cha hoteli, ilikodi mabehewa yake ya treni, watu wakala na kulala humo.

Siri ya muziki wake ni hii: hakuwa akiandikia tarumbeta au saksafoni, bali alimwandikia fulani mwenye sauti fulani. Alikuwa na Bubber Miley, aliyeweza kuifanya tarumbeta ingurume kwa kuiziba na kuizibua kwa mpira wa kuzibulia sinki. Alikuwa na Johnny Hodges, ambaye saksafoni yake iliteleza kama mafuta. Alikuwa na Harry Carney, aliyejiunga mwaka 1927 akiwa kijana wa miaka 17 na kupiga saksafoni nene ya sauti ya chini. Ellington aliwasikiliza watu hawa kama fundi seremala anavyoipima mbao kabla ya kuikata. Katika wimbo Mood Indigo wa mwaka 1930, alizipanga sauti kinyume cha desturi: tarumbeta juu, tromboni chini yake kidogo, na klarineti, ambayo kwa kawaida huimba juu, akaiweka chini kabisa. Sauti iliyotoka haikuwa imesikika kabla.

Mwaka 1938 alikutana na kijana mmoja mpole huko Pittsburgh, jina lake Billy Strayhorn, ambaye mwaka uliofuata akawa mtunzi mwenzake. Strayhorn ndiye aliyetunga Take the A Train, wimbo uliotambulisha bendi kuanzia mwaka 1941. Walifanya kazi pamoja mpaka Strayhorn alipofariki mwaka 1967. Lakini haki isemwe: kwa miaka mingi kazi nyingi za kijana huyo zilijulikana kwa jina la Ellington, na baadhi ya vipande alivyobuni Hodges katika kupiga kwake viligeuzwa nyimbo ambazo fedha zake hazikumfikia yeye. Kadhalika Ellington mwenyewe, alipokuwa kijana, alikuwa na meneja aliyeliweka jina lake katika nyimbo ambazo hakuzitunga. Aliyenyonywa naye akanyonya. Sifa za mtu hazifuti hilo.

Tarehe 23 Januari 1943, katika ukumbi wa Carnegie mjini New York, bendi ilipiga Black, Brown and Beige, kazi ndefu ya kama dakika 45 iliyosimulia historia ya watu weusi wa Marekani tangu utumwani. Wakosoaji wengi hawakuipokea vema, naye baadaye akawa anapiga zaidi vipande vyake kuliko kazi nzima. Lakini alikwisha kuonyesha kwamba bendi ya dansi yaweza kubeba historia ya watu.

Count: kupunguza mpaka kibaki kinachotosha

Basie alifika Kansas City kwa bahati mbaya. Mwaka 1927 kundi la maonyesho alilosafiri nalo lilivunjika huko, akabaki bila nauli. Kumbe alikuwa ametua palepale palipomfaa. Mji ule ulikuwa chini ya mwanasiasa mmoja mwenye nguvu, Tom Pendergast, na vilabu vyake havikufungwa usiku kucha. Wapiga muziki walishindana mpaka kunakucha. Basie aliingia katika bendi ya Bennie Moten, na Moten alipofariki mwaka 1935 akaanzisha ya kwake katika klabu ndogo iliyoitwa Reno. Jina la Count, cheo kingine cha kikabaila, alibandikwa na mtangazaji wa redio.

Bendi ile ilikuwa na karatasi chache mno. Mtu mmoja alibuni kipande kifupi, wa pembeni akakidaka, safu nzima ikakirudia, na safu nyingine ikajibu. Nyimbo zikatunzwa vichwani. One O'Clock Jump, uliorekodiwa mwaka 1937, ulizaliwa kwa njia hiyo.

Nguvu ya bendi ilikuwa katika watu wanne: Walter Page kwenye besi, Jo Jones kwenye dramu, Freddie Green kwenye gitaa, na Basie mwenyewe. Page alitembea mapigo manne yaliyo sawa. Jones aliuondoa mdundo mzito kwenye ngoma kubwa ya mguu na kuuhamishia kwenye visahani vya shaba, ukawa mwepesi. Green aliligonga gitaa lake lisilo na umeme mara nne kwa kila kipimo, bila pambo. Na Basie alipiga noti mbili tatu, akanyamaza, akapiga moja tena. Kule kunyamaza kwake ndiko kulikowapa wengine nafasi. Mwendo uliopatikana, ambao wenyewe huuita swingi, humfanya msikilizaji agonge mguu kabla hajajua kwamba anagonga.

Lakini fedha ndizo zilizomtesa. Mwaka 1936 alitia sahihi mkataba na kampuni ya santuri ya Decca: nyimbo 24 kwa dola 750, bila haki ya kulipwa chochote kwa kila santuri itakayouzwa. One O'Clock Jump ulikuwa miongoni mwa nyimbo hizo. Sisi tuliomo makazini, ambao kila siku hupitisha mikataba mezani, tunalijua soma hilo. Vijana walijue mapema: karatasi husomwa kabla ya kalamu kushikwa.

Miaka ya dhiki

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, bendi kubwa zilianza kufa moja baada ya nyingine. Gharama za kusafirisha watu 15 zilipanda, waimbaji mmojammoja wakapendwa zaidi, na televisheni ikawaweka watu nyumbani. Hapo ndipo tabia za wakuu hawa wawili zilipojitokeza wazi.

Basie aliivunja bendi yake mwaka 1950 akabaki na kundi la watu wachache. Mwaka 1952 akaunda bendi mpya, na safari hii akabadili utaratibu. Badala ya kutegemea vipaji vya watu maalumu na nyimbo za vichwani, aliwaita waandishi wa muziki kama Neal Hefti, Ernie Wilkins, Frank Foster na Thad Jones, wakaandika kila kitu kwenye karatasi kwa mtindo uleule wa kuacha nafasi. Mtu akiondoka, mwingine aliweza kuketi kitini pake na kazi ikaendelea.

Ellington alikataa kuivunja. Mwaka 1951 Hodges, Greer na mpiga tromboni Lawrence Brown waliondoka kwa mkupuo, lakini bendi haikusimama. Malipo ya haki za nyimbo zake aliyatumia kulipa mishahara mwaka mzima, hata bendi ilipoingiza hasara, kwa sababu alitaka alichoandika usiku akisikie kesho yake. Hodges alirejea mwaka 1955. Tarehe 7 Julai 1956, katika tamasha la Newport, mpiga saksafoni Paul Gonsalves alisimama akapiga mizunguko 27 mfululizo bila kupumzika, watu wakainuka vitini wakacheza. Baada ya usiku ule hapana aliyesema tena kwamba Ellington amekwisha.

Siku walipokaa pamoja

Tarehe 6 Julai 1961 bendi zote mbili ziliingia katika studio moja New York kurekodi santuri. Ukiisikiliza kwa spika mbili, bendi ya Basie utaisikia kushoto na ya Ellington kulia, kila mkuu akiwa kwenye piano yake. Ningedhani zingekuwa kelele tupu, watu 30 na ushee wakigombania nafasi. Sivyo. Upande mmoja hutupa neno, wa pili hulirudisha. Mimi humtambua Basie kwa noti zake chache, na Ellington kwa mikono yake mizito na sauti zinazogongana kwa makusudi. Mwenye kupenda muziki huu aianze safari yake kwa santuri hiyo, naye ataelewa kuliko nitakavyoweza kumweleza.

Mwisho wa safari

Ellington aliijia Afrika. Mwaka 1966 alipiga Dakar katika tamasha la dunia la sanaa za watu weusi, na mwaka 1973, akiwa tayari mgonjwa wa saratani ya mapafu, alipiga Addis Ababa na Lusaka, na Mfalme Haile Selassie akamvisha nishani. Nchini mwake heshima zilichelewa. Mwaka 1965 jopo la waamuzi lilipendekeza apewe sifa maalumu ya tuzo ya Pulitzer, lakini bodi ilikataa. Alipewa mwaka 1999, miaka 25 baada ya kufa. Alifariki tarehe 24 Mei 1974. Gonsalves alikuwa amemtangulia kwa siku tisa; Carney, aliyekaa naye miaka 47, alimfuata mwezi Oktoba mwaka uleule.

Basie aliendelea mpaka mwisho. Baada ya kuugua moyo mwaka 1976 na miguu kudhoofika, alifika jukwaani kwa kiti cha magurudumu chenye mota. Alifariki tarehe 26 Aprili 1984. Freddie Green alibaki katika kiti chake cha gitaa mpaka alipofariki mwaka 1987, nusu karne tangu ajiunge.

Kilichobaki

Sasa nirudi kwenye swali. Ellington aliacha karatasi. Mwaka 1988 maelfu kwa maelfu ya kurasa zake yaliingia katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian huko Washington. Watafiti walipozifungua walikuta kwamba juu ya kurasa nyingi hakuandika jina la chombo, aliandika jina la mtu: Hodges, Carney, Brown. Na watu hao wamekwisha kufa. Mwanawe Mercer aliiongoza bendi mpaka alipofariki mwaka 1996, kwa juhudi kubwa, lakini sauti ile haikurudi yote.

Basie, ambaye hakuacha utunzi mwingi wa mkono wake, aliacha bendi. Iliongozwa na Thad Jones, kisha Frank Foster, kisha wengine, na mwaka 2024, miaka 40 baada ya kifo cha mwanzilishi wake, ilipata tuzo ya Grammy ikiwa na jina lake.

Nimefanya kazi serikalini miaka ya kutosha kuona wakuu wa aina zote mbili wakihamishwa. Nimeona ofisi iliyokuwa waridi chini ya mkuu aliyejua kila mtu anaweza nini, akaondoka, na katika miezi sita zikabaki faili tu. Nimeona pia ofisi ambayo mkuu alistaafu na wananchi waliofika dirishani hawakugundua, kwa kuwa kazi ilikwenda vilevile. Serikali hupenda aina ya pili, na kwa haki, maana mwananchi hapaswi kuumia kwa sababu fulani amehamishwa.

Hata hivyo siwezi kumhukumu Ellington kwa kipimo hicho peke yake. Kama angeandika muziki ambao yeyote angeweza kuupiga, tusingepata Mood Indigo. Katika nchi iliyomwona mtu mweusi kuwa sawa na mwingine yeyote mweusi, yeye alikaa kila usiku kuandika kwamba Carney si Hodges, na Hodges si Brown. Hiyo ni heshima kwa mtu, hata kama hairithiki kwa urahisi. Na kwa kuwa aliiandika, haijapotea: tangu katikati ya miaka ya 1990 karatasi za muziki wake hugawiwa kwa bendi za shule za sekondari huko Marekani, na vijana wa umri wenu hushindana kuupiga. Hawapigi kama Carney. Kila mmoja hulazimika kuitafuta sauti yake, na nadhani mzee angeridhika.

Kwa hiyo vijana, mtakapopewa watu wa kuwaongoza, iwe bendi, timu au ofisi, wajueni mmojammoja kama Duke alivyowajua wake, na lipeni kila mtu jasho lake na jina lake, jambo ambalo yeye hakulitimiza sawasawa. Kisha jifunzeni kwa Count kunyamaza, ili kazi izoee kwenda bila ninyi. Mkishindwa yote mawili, basi kuweni kama Freddie Green: miaka 50 kwenye kiti kimoja, hasikiki sana, lakini akikosekana jioni moja, bendi nzima hujua.

Nawatakia wahitimu wenzangu mkutano mwema, na wanafunzi masomo mema.